Katamarani ya Kujijengea: Kasi na Gharama Viko Kwenye Mizani Moja

Anayewaza kujijengea katamarani ya safari ndefu, boti ya matanga yenye bodi mbili nyembamba zinazoelea sambamba, huwa na maswali mawili: itakimbia kiasi gani, na itamla pesa ngapi. La kwanza humuuliza mchoraji wa ramani, la pili muuza plaiwudi, na hapo ndipo hesabu inapoanza kwenda mrama. Yote mawili hujibiwa na mizani.

Tuchukue boti ya mfano na tuende nayo hadi mwisho. Urefu wake kwenye mstari wa maji ni mita 12, kila bodi ina upana wa mita 1.2 majini, tanga kuu na tanga la mbele kwa pamoja ni mita za mraba 80, na uzito wake ikiwa tayari kwa safari ni tani 7. Zidisha 12 kwa 1.2, kisha kwa bodi mbili, kisha kwa 0.75 kwa kuwa omo na tezi, yaani ncha za mbele na nyuma, zimechongoka: eneo lililokatwa na maji ni kama mita za mraba 21.6. Kwa hiyo kilo 220 hivi zinaizamisha sentimita moja, na tani nzima ya ziada inaizamisha sentimita nne na nusu.

Sentimita nne na nusu ni kitu gani kwa chombo cha mita 12? Ni nyingi. Wachoraji wengi huweka sehemu bapa ya tezi iguse maji kwa shida, au iwe juu yake kidogo, ili maji yaachane na bodi kwa usafi. Ikizama, maji hayaachi. Yanajikunja nyuma ya boti na kuivuta. Simama nyuma katamarani ikienda noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, uangalie: mkondo laini unaoachia kwenye kona ni dalili njema, na maji yanayochemka na kurudi kugonga tezi ni dalili kwamba boti imeshiba kupita kiasi. Tani hiyohiyo pia inakula nafasi chini ya sitaha ya kati, ile inayounganisha bodi mbili. Kwa boti ya ukubwa huu ningetaka angalau sentimita 75 kati ya sitaha hiyo na maji, ikiwa imepakiwa kila kitu. Ikibaki 60, mawimbi ya mbele huanza kuipiga kwa chini kwa kishindo cha kuruka vikombe mezani, na wewe utapunguza mwendo kwa hiari yako hata kama matanga bado yana nguvu. Kasi iliyoandikwa kwenye karatasi inapotea hapo.

Kwa nini basi chombo hiki hukimbia? Kwanza hakibebi farumi, ule uzito wa kutuliza chombo. Uimara wake unatokana na upana, si madini ya risasi yaliyoning'inia chini ya mkuku, uti wa chini wa chombo. Pili, bodi zake ni nyembamba. Chombo kinene hujenga wimbi, na urefu wa wimbi hilo ukilingana na urefu wa chombo, kinabaki bondeni kikihangaika kupanda. Kanuni ya zamani inasema chukua mzizi wa mraba wa urefu wa mstari wa maji kwa mita, zidisha kwa 2.43, upate noti. Kwa mita 12 jibu ni noti 8.4. Bodi nyembamba hujenga wimbi dogo, kwa hiyo kikomo hicho hulegea. Uwiano wa urefu kwa upana ukifika 8 kwa 1 tofauti huanza kuonekana, na kwa 10 kwa 1, kama boti yetu, noti 12 hupatikana kwenye upepo mzuri bila maajabu. Anayetaka kitanda cha wawili kilale kwa upana ndani ya bodi huinenepesha mpaka 7 kwa 1 au chini, kisha hushangaa kwa nini jirani mwenye bodi moja anamfuata vizuri.

Kuna kipimo kimoja kinachofaa kulinganishia boti kabla ya kununua ramani, namba ya Bruce: mzizi wa mraba wa eneo la matanga kwa futi za mraba, gawanya kwa mzizi wa tatu wa uzito kwa ratili. Mita za mraba 80 ni futi 861, na tani 7 ni ratili 15,430, hivyo boti yetu inapata 1.18. Ikipakiwa mpaka tani 9 inashuka hadi 1.08. Chini ya 1 ni nyumba inayoelea. Upepo ukiwa chini ya noti 10 utawasha injini. Kati ya 1.1 na 1.3 ndipo zilipo boti nzuri za safari. Zaidi ya 1.4 ni za watu wanaokubali mtu mmoja awe zamu kila saa, kamba ya tanga ikiwa karibu na mkono. Angalia tu mtengenezaji amehesabu nini: wengine hujumlisha tanga kubwa jepesi la upepo hafifu na kuandika uzito wa boti tupu, bila maji, bila nanga, bila watu. Namba inayotoka hapo ni ya mapambo.

Kwenye safari yenyewe, wastani ndio unaohesabika. Maili 192 kwa siku ni wastani wa noti 8 usiku na mchana bila kupumzika. Familia ndani ya katamarani ya mita 12 iliyopakiwa, inayopunguza tanga giza likiingia kama inavyopaswa, hupata maili 150 hadi 180 kwa siku kwenye upepo wa kudumu. Anayekuambia wastani wa 250 kwa boti ya namna hiyo amechukua siku yake bora kabisa akaifanya kawaida.

Kwenye kubisha, yaani kwenda kuelekea upepo unakotoka, mambo ni magumu zaidi. Boti inayokwenda noti 7 ikiwa digrii 50 kutoka kwenye upepo wa kweli, ule usiochanganyika na mwendo wa boti, inaukaribia upepo kwa noti 4.5. Nyingine inayokwenda noti 8 lakini digrii 60 inaukaribia kwa noti 4 tu. Yenye kasi itachelewa kufika. Tofauti hiyo ya digrii 10 mara nyingi inatokana na kilichoko chini ya boti. Mikuku mifupi ya kudumu ni rahisi kujenga, inalinda sukani na propela, na inakuruhusu kukalisha boti kwenye mchanga maji yakitoka; lakini ikipungukiwa mwendo inateleza kando. Mbao za kushusha, ndefu na nyembamba, zinashika maji vizuri zaidi, na ukizipandisha unapata mwendo mwepesi upepo ukiwa nyuma. Gharama yake ni makasha mawili yanayopita ndani ya bodi, ambayo lazima yavumilie kugonga mwamba bila kupasua boti. Makasha haya ndiyo mahali pa kwanza pa kukagua kwenye boti iliyojengwa nyumbani: nyufa kwenye kona ya chini, na ubao unaokwama kwa sababu rangi na puti vimekula nafasi yake. Acha milimita 5 kila upande, weka vipande vigumu vya plastiki vya kutelezea, na tengeneza sehemu ya chini ya ubao iwe dhaifu kuliko kasha, ili kikivunjika kitu kiwe ubao.

Propela za kudumu nazo huiba. Mbili zisizojikunja zinaweza kula nusu noti na zaidi upepo ukiwa hafifu. Kwa pesa ileile hakuna kifaa kingine, hata tanga jipya, kinachorudisha kasi kwa uhakika kama propela zinazojikunja.

Sasa uzito una upande wake wa pili, na haki itendeke. Katamarani hufikia mwisho wa uimara wake pale bodi ya upande wa upepo inapotaka kuacha maji. Uwezo huo ni uzito wa boti mara nusu ya umbali kati ya mistari ya katikati ya bodi. Kwa tani 7 na umbali wa mita 5.5, ni tani 7 mara mita 2.75, yaani tani-mita 19.25. Nguvu ya matanga ikihesabiwa kwenye kimo cha mita 8 juu ya kitovu cha ukinzani majini, boti inavumilia msukumo wa tani 2.4 kutoka ubavuni, au kilo 30 kwa kila mita ya mraba ya tanga. Hapo ni upepo wa noti 35 hivi ukipimwa juu ya boti, matanga yote yakiwa wazi. Hakuna mtu mwenye akili anayengoja pafike. Msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo nusu ya msukumo huo huja kwenye noti 25, na pigo la ghafla linalozidi wastani kwa asilimia 40 ni jambo la kawaida. Gawanya 25 kwa 1.4 upate 18. Kwenye noti 18 za wastani unapunguza tanga kwa mara ya kwanza, hata kama boti imetulia na chai haijamwagika.

Hilo la mwisho ndilo linalowaponza waliotoka kwenye vyombo vya bodi moja. Chombo chao hulala upande, kinamwaga upepo na kuwaonya. Katamarani hailali, nguvu zote huenda kwenye mlingoti na nyaya zake, na onyo pekee ni kipima upepo. Ukiwa unakwenda na upepo ni hatari zaidi: upepo wa kweli wa noti 25 ukiondoa mwendo wako wa noti 10 unausikia kama 15, unajiona uko salama, kisha mtu anaanguka majini au chombo kingine kinatokea mbele, unageuka, na ghafla una zaidi ya 25 juu ya tanga zima. Ukienda na upepo, punguza tanga kwa kuangalia upepo wa kweli. Na boti nyepesi, kwa hesabu hiyohiyo, inataka kupunguziwa mapema kuliko nzito. Wepesi haukupi ruhusa ya uzembe.

Twende kwenye kujenga. Njia mbili za wanaojijengea nyumbani zina historia ndefu. James Wharram, Mwingereza aliyefariki 2021, alivuka Atlantiki mwaka 1955 na 1956 kwa katamarani ya mita 7 aliyoijenga mwenyewe, Tangaroa, kisha akatumia maisha yake kuchora boti za plaiwudi, nyingi zikiwa na bodi zinazofungwa kwenye boriti kwa kamba. Hakuna sebule kubwa juu ya sitaha ya kati, hakuna ukuta wa vioo. Watu huzicheka kwa wembamba wa vyumba, lakini kwa pesa kwa kila maili sijaona kinachozishinda. Njia ya pili ni ya povu gumu lililofunikwa faiba, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo, pande zote mbili. Derek Kelsall alionyesha uwezo wake mwaka 1966, pale Toria, boti yake ya bodi tatu, iliposhinda mashindano ya kuzunguka Uingereza. Kwa katamarani yenye sebule, wengi leo huchagua povu.

Linganisha kwa mita moja ya mraba. Plaiwudi ya okume (mti mwepesi) ya milimita 9 ni kilo 4.5 hivi, ongeza kitambaa chepesi cha faiba upande wa nje na epoksi, gundi ya maji inayogeuka ngumu, ya kuziba pande zote, unafika kilo 5.5, kabla ya taruma (mbavu za ndani) na mbao za kuimarisha. Povu la milimita 15 lenye kilo 80 kwa mita ya ujazo ni kilo 1.2, faiba ya gramu 600 kila upande ni kilo 1.2 nyingine, epoksi, ukifanya kazi safi kwa mkono, ni sawa na uzito wa faiba, kilo 1.2, na 0.6 ya kushibisha matundu ya povu. Jumla 4.2. Hesabu hiyo ni ya fundi mwangalifu. Asiyejali humwaga epoksi mpaka faiba inabaki asilimia 40 tu, na kilo 0.6 zinaongezeka kwenye kila mita. Katika boti yenye mita za mraba 250 za sitaha, bodi na viambaza (kuta za ndani), ni kilo 150 za epoksi ambayo haina nguvu yoyote. Aliinunua kwa pesa taslimu, akaipaka kwa jasho, na ataibeba maisha yote ya boti.

Dawa yake ni mizani ya jikoni na adabu. Pima faiba ya kila kipande kabla ya kuilowesha, changanya epoksi kwa uzito huohuo, na ikiisha imeisha. Pale panapoonekana pakavu sogeza iliyozidi kwingine kwa rola. Anayevuta kwa pampu ya ombwe hupata uwiano bora zaidi, faiba ikifika asilimia 60 na zaidi, lakini mfuko wenye tundu dogo usiloliona unaweza kuharibu paneli nzima kwa nusu saa. Anza na paneli za kitanda kabla ya kugusa bodi.

Epoksi ina tabia zake. Ikikauka kwenye unyevu au baridi hutoa utando kama nta juu. Ukipaka tabaka jingine bila kuuosha kwa maji na kuukwaruza, tabaka hilo litabanduka miaka miwili baadaye. Ukiupiga msasa bila kuosha ndiyo unausambaza. Ukichanganya nyingi kwenye chombo kirefu inachemka na kutoa moshi. Imwage kwenye trei pana mara moja. Kwenye plaiwudi adui ni tundu la skrubu. Toboa kubwa kuliko skrubu, jaza epoksi, ikikauka toboa upya katikati. Kingo za ubao zipake mara tatu, kwa sababu maji huingilia kwenye kingo. Kwenye povu hufanyika jambo linalofanana: kila kifaa kinachofungwa sitahani, ondoa povu mahali pake na jaza epoksi nzito au weka kipande cha plaiwudi, la sivyo bolti itaponda povu na maji yatapata njia.

Pesa sasa. Kosa la wengi ni kuhesabu gharama ya bodi, wakaifurahia, wakaanza. Vifaa vya kujengea ganda lote, yaani bodi, sitaha, viambaza na rangi, kwa kawaida ni kama theluthi ya gharama yote, mara nyingi chini ya hapo. Mlingoti, nyaya na matanga huchukua sehemu kubwa inayofuata. Kisha injini mbili, umeme na betri, madirisha, winchi, nanga na mnyororo, mabomba, choo, jiko, vifaa vya usalama. Vitu hivi vidogo havina mmoja unaotisha, na kwa pamoja hushinda ganda. Ndiyo maana ukipata ganda ambalo mtu amelikatia tamaa katikati, bei yake ikiwa karibu na bure, bado hujanunua boti.

Ukubwa nao haupandi ngazi moja moja. Gharama hufuata uzito, na uzito hufuata urefu kwa nguvu ya tatu. Kutoka mita 10 hadi mita 12 ni 1.2 mara 1.2 mara 1.2, yaani 1.73. Umeongeza theluthi ya chumba cha kulala, umelipa asilimia 70 zaidi, na kila winchi, bolti na waya umepanda saizi. Saa za kazi nazo hupanda vilevile. Katamarani ya mita 12 yenye sebule hula saa 6,000 hadi 10,000 za mtu. Mwenye ajira, anayeweza kutoa saa 15 kwa wiki, hupata saa kama 750 kwa mwaka. Saa 7,500 ni miaka kumi. Kodi ya banda kwa miaka kumi ni gharama ambayo ramani haiitaji, na inaweza kufika bei ya mlingoti. Ningependa mtu ajenge ya mita 10 na aelee nayo, kuliko ya mita 13 inayozeeka chini ya turubai.

Wapi pa kubana? Mlingoti wa mtumba unafaa ukipimwa vizuri, ila usiuchukue wa chombo cha bodi moja chenye uzito sawa ukadhani umemaliza. Katamarani haimwagi upepo, hivyo mgandamizo kwenye mlingoti ni mkubwa zaidi. Mpe mchoraji vipimo vya bomba na unene wake kabla ya kulipa. Injini za nje mbili za nguvu farasi 9.9 zina kilo 50 hivi kila moja. Dizeli mbili za ndani za farasi 30 zinafika kilo 150 na zaidi kila moja, bila tangi na mabomba. Akiba ya kilo 200 na pesa nyingi, lakini injini ya nje huinuka ikatoka majini kwenye mawimbi mafupi na petroli inataka tahadhari. Kwa anayetumia injini kuingilia bandarini tu, ningezichagua bila kusita. Samani usizijenge kwa mbao nzito: milango ya makabati iwe ya povu, au isiwepo kabisa, pazia linatosha. Mnyororo wa milimita 10 una kilo 2.2 hivi kwa mita, kwa hiyo mita 60 ni zaidi ya kilo 130, na ukiuweka omoni boti itachezacheza mbele na nyuma kwenye kila wimbi. Usogeze karibu na mlingoti. Umbali ukipungua nusu, mchango wake kwenye kuchezacheza huko unabaki robo.

Pasipobanwa ni boriti ya mbele na vishikizo vya nyaya, sukani na mihimili yake, na ubora wa epoksi. Boriti ya mbele ikipinda, waya wa mbele unalegea, tanga la mbele linajaa tumbo, na zile digrii za kubisha ulizolipia zinapotea. Usichore upya boriti hii kwa jicho.

Weka daftari. Kila paneli inayokwenda kwenye boti ipimwe, iandikwe kilo zake na umbali wake kutoka kwenye kiambaza cha mlingoti. Kila baada ya miezi mitatu jumlisha na ulinganishe na uzito wa mchoraji. Ukiwa umezidi asilimia 5 ganda likiwa nusu, bado una nafasi ya kubadili sakafu na makabati. Ukigundua siku ya kushusha majini huna. Siku hiyo omba kreni yenye kipimo cha uzito, au pima kimo cha omo na tezi kutoka majini maji yakiwa yametulia na matangi yakiwa matupu, na chora alama nne za kudumu, mbili kila bodi. Kisha pakia, na alama ikifunikwa kwa zaidi ya ulichokubaliana na mchoraji, kitu kishuke.